Dozi ya rubani ndani ya wingu la nyuklia ilipimwaje?

Tarehe 1 Novemba 1952, zaidi ya saa moja baada ya bomu la Mike kulipuka katika atoli ya Enewetak, Visiwa vya Marshall, Kanali Virgil Meroney wa Jeshi la Anga la Marekani aliipeleka ndege yake ya kivita aina ya F-84G hadi ndani ya shina la wingu. Mike lilikuwa jaribio la bomu la haidrojeni lenye nguvu ya megatani 10.4. Wingu lake lilipanda hadi kilomita 41 hivi angani, ilhali F-84G ilikuwa ikijikongoja kufika kilomita 13, kwa hiyo kichwa cha uyoga kilikuwa mbali mno juu ya vichwa vya marubani. Walichoweza kukifikia ni shina. Meroney alikuta mle ndani kuna wekundu. Mbele yake kulikuwa na chombo walichokiita integroni, kilichoonyesha jinsi mionzi inavyojikusanya. Alitarajia mshale wake usisogee sana. Alisimulia baadaye kwamba ulizunguka kama mshale wa sekunde katika saa ya mkononi. Akageuza ndege nyuzi 90, akatoka.

Mtu akiuliza rubani huyo alipigwa na mionzi kiasi gani, tunatarajia jibu la namba moja. Hapo ndipo mambo yanapochanganya. Mtu anayepita katika wingu la nyuklia anapata mionzi kwa njia tatu zisizofanana: kutoka kwenye wingu lenyewe linalomzunguka, kutoka kwenye vumbi lililoigandama ndege na kurudi nayo nyumbani, na kutoka kwenye kile alichokivuta kwa pumzi. Kila njia ilihitaji chombo chake na muda wake wa kupima. Wanasayansi wa Marekani na Uingereza walitumia takriban miaka kumi kuzitenganisha, na sehemu ya kazi hiyo waliifanya kwa kuwatumia watu walio hai ndani ya ndege.

Kwanza, kilichowapeleka huko. Bomu likishalipuka, hakuna kipande kinachobaki cha kukagua. Mabaki yote yamekuwa mvuke, ukapoa, ukawa chembe ndogo zinazoelea katika wingu. Ukitaka kujua ni sehemu gani ya urani au plutoni iliyopasuka na ni ipi iliyotawanyika bure, huna budi kuzipata chembe hizo na kuzipeleka maabara zikiwa bado mbichi. Molibdeni-99, kwa mfano, huzaliwa kwa kiwango kinachojulikana katika mpasuko wa viini, na nusu ya kiasi chake hupotea kila baada ya saa 66 hivi. Ukipima kiasi chake kwenye karatasi ya kuchujia, unaweza kupiga hesabu ya kurudi nyuma na kujua viini vingapi vilipasuka. Ndiyo maana F-84G zilifungwa vichujio kwenye matangi ya ncha za mabawa. Vichujio vya Mike vilileta hata kisichotarajiwa. Katika maabara ya Berkeley, Albert Ghiorso na wenzake walikuta humo elementi ambayo haikuwa imewahi kuonekana duniani, ambayo baadaye iliitwa einsteini; ya pili, fermi, waliikuta katika matumbawe yaliyochafuliwa na mlipuko huohuo. Viini vya urani-238 vilikuwa vimemeza nyutroni 15 au 17 kwa mkupuo mmoja.

Mwanzoni hakuna aliyethubutu kumtia mtu humo. Katika Operesheni Crossroads, Julai 1946 huko Bikini, mawingu yalipitiwa na ndege za B-17 na Hellcat zisizo na rubani, zikiongozwa kwa redio kutoka ndege nyingine zilizokaa mbali. Kazi ilifanyika, ila kwa shida: ndege za namna hiyo zilikuwa ghali, ngumu kuongoza, na kila moja ilihitaji msururu wa watu nyuma yake. Mambo yalibadilika kwa ajali. Mwaka 1948, katika Operesheni Sandstone kule Enewetak, Luteni Kanali Paul Fackler, aliyekuwa akifuatilia wingu kwa ndege ya hali ya hewa aina ya B-29, alijikuta ameingia ndani yake bila kukusudia. Wakatoka salama, hakuna aliyeanguka wala kuugua. Kutokana na tukio hilo likaibuka wazo kwamba watu wanaweza kuingia, wakichukua vipimo na kuchagua saa ya kuingia.

Kuchagua saa ndiyo roho ya jambo zima. Kiini cha urani kinapopasuka hutoa vipande viwili, na vipande hivyo huja katika mamia ya aina, kila aina ikiwa na mwendo wake wa kuchakaa. Zinazochakaa haraka sana zinatoa mionzi mikali na kwisha mapema. Zinazochakaa polepole hubaki. Ukizijumlisha zote pamoja unapata kanuni moja rahisi ambayo wanajeshi walikariri: kila muda tangu mlipuko unapozidishwa mara 7, ukali wa mionzi hushuka mara 10. Kama saa 1 baada ya mlipuko ukali ni 1,000, baada ya saa 7 utakuwa 100, na baada ya saa 49 utakuwa 10. Kurudi nyuma kuelekea dakika za mwanzo ni balaa. Dakika ya 6 ina ukali wa takriban mara 16 ya ule wa dakika ya 60, kwa kiasi kilekile cha mabaki.

Ila wingu halikai na ukubwa uleule. Linapanda, linatanuka, linavutwa na upepo, na chembe zilezile zinaenea katika nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo rubani aliye ndani yake anaona mionzi ikipungua upesi kuliko kanuni ile ya mara 7. Vipimo vilivyochukuliwa baadaye ndani ya mawingu vilionyesha kwamba kasi ya dozi ilishuka karibu kwa kipeo cha pili cha muda: ukisubiri muda maradufu, unakuta robo tu ya ukali. Anayengoja kutoka dakika ya 20 hadi ya 80 anakuta sehemu 1 kati ya 16. Kwa wakusanyaji wa sampuli hiyo ilikuwa habari njema, maana walikuwa na nafasi ya kungoja. Rubani wa vita asingekuwa nayo, na swali lake ndilo lililozaa vipimo vizito zaidi.

Nimetaja kasi ya dozi, na hapa watu wengi hupotea. Kipimo cha zama hizo kilikuwa rentgeni. Kasi ya dozi ni rentgeni kwa saa. Dozi ni kasi hiyo ukiizidisha kwa muda uliokaa. Namba ya kutisha ya kasi inaweza kuzaa dozi ndogo kama umepita mbio. Tuchukue mfano. Ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa, yaani mita 220 hivi kila sekunde. Wingu lina upana wa kilomita 10, na ndani yake kasi ya dozi ni rentgeni 800 kwa saa, kiasi ambacho kingemuua mtu yeyote anayekaa humo saa nzima. Ndege inalivuka kwa sekunde 45. Katika sekunde hizo rubani anapata rentgeni 10. Si kidogo, lakini hatashuka kwenye ndege akitapika.

Sasa kuhusu chombo chenyewe. Chemba ya ioni ni chumba kidogo chenye gesi na umeme. Mionzi ikipita inang'oa elektroni kutoka kwenye gesi, na mkondo mdogo wa umeme unaotokea ndio unaosogeza mshale. Mezani, mbele ya chanzo kimoja cha mionzi, ni kazi ya kawaida. Ndani ya wingu hakuna chanzo kimoja. Gama, yaani ile mionzi inayopenya sana inayotoka kwenye mabaki hayo, husafiri wastani wa mita mia moja na ushee katika hewa ya usawa wa bahari kabla ya kugonga kitu. Kwenye mwinuko wa kilomita 12 hewa ina uzito wa robo tu ya ule wa chini, hivyo gama inakwenda karibu nusu kilomita. Ndege iko katikati ya tufe la moshi lenye kipenyo cha kilomita nzima, na kila pembe ya tufe hilo inaipiga: juu, chini, mkiani. Bati la ndege halina maana mbele ya gama za namna hiyo. Hata fulana za madini ya risasi walizovaa marubani hazikuwasitiri sana. Milimita moja ya risasi hupunguza gama hizo kwa takriban asilimia 10 tu.

Halafu chombo chenyewe huchafuka. Ukiangalia mchoro wa kasi ya dozi wa ndege inayopita katika wingu, utaona mstari ukilala chini, unaanza kupanda kabla hata ndege haijagusa moshi, unafika kileleni, kisha unaporomoka ndege inapotoka upande wa pili. Lakini haurudi sifuri. Unasimama juu kidogo na kubaki hapo, ukishuka taratibu kwa dakika na saa zinazofuata. Mkia huo wa mchoro ni ndege yenyewe: vumbi lililonasa kwenye kingo za mabawa, kwenye midomo ya injini, kwenye kila sehemu yenye mafuta au grisi. Bila kuutoa mkia huo katika hesabu, utadhani wingu lilikuwa kali kuliko lilivyokuwa. Ukiutoa na kuusahau, umemdhulumu rubani, kwa sababu wingu alikaa nalo sekunde 45, na mkia huo atakaa nao saa nzima au mbili mpaka atue. Tuseme mkia ni rentgeni 2 kwa saa na safari ya kurudi ni saa 2: ameongeza rentgeni 4 juu ya zile 10. Injini za pistoni, zilizojaa mafuta na mapezi ya kupozea, ziliganda vumbi vibaya zaidi kuliko ndege laini za jeti.

Iliyobaki ni pumzi, na hii ndiyo iliyowatia watu hofu kubwa. Plutoni kwenye mapafu, iodini kwenye tezi ya shingo, strontiamu kwenye mifupa: vitu hivyo havitoki mtu akishakoga. Katika Operesheni Upshot-Knothole kule Nevada, mwaka 1953, ndege za jeti za QF-80 zisizo na rubani zilipitishwa mawinguni zikiwa na panya na nyani. Wanyama hao walipochunguzwa, ilionekana kwamba kilichoingia mwilini kwa pumzi kilitoa dozi ndogo sana ikilinganishwa na ile ya gama kutoka nje.

Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, lakini hesabu yake si ngumu. Mtu mwenye wasiwasi huvuta labda lita 20 za hewa kwa dakika. Katika dakika moja ya kuvuka wingu, hata kama hana kichujio wala oksijeni ya mtungi, ameingiza lita 20 za moshi. Wakati huohuo gama zinamjia kutoka tufe la nusu kilomita kila upande, ambalo ujazo wake ni kama mita za ujazo nusu bilioni. Chembe iliyoko mbali humpiga kwa unyonge, ni kweli, ila ni chembe nyingi mno dhidi ya zile chache za mapafuni. Ukimpa rubani oksijeni safi na kufunga hewa ya nje, zile lita 20 nazo zinakaribia kutoweka. Lakini hoja hii inasimama kwa sababu muda ni mfupi. Mtu aliyeko chini ya wingu hilo, anayekula na kunywa katika kijiji kilichoangukiwa na majivu, hawezi kupewa faraja hiyohiyo, na wakazi wa Rongelap walioangukiwa na majivu ya bomu la Bravo mwaka 1954 walilijua hilo kwa miili yao.

Baada ya wanyama ikafika zamu ya watu. Ernest Pinson, mwanafiziolojia wa Jeshi la Anga, ndiye aliyeongoza. Mwaka 1955 katika Operesheni Teapot huko Nevada, ndege za T-33 zenye watu ndani ziliingia mawinguni mapema kuliko wakusanyaji wa sampuli walivyozoea. Mwaka uliofuata, katika Operesheni Redwing kule Bikini na Enewetak, wakaenda kwa B-57B kwenye mawingu ya mabomu makubwa, kati ya dakika ya 20 na ya 78 baada ya mlipuko. Walikutana na kasi ya dozi iliyofika rentgeni 800 kwa saa. Baadhi ya safari ziliwapa watu jumla ya rentgeni 15.

Kuna jambo moja katika kazi ya Pinson ambalo kila nikilifikiria nashindwa kujua kama nicheke au nisikitike. Beji ya filamu iliyobandikwa kifuani, ambayo huwa nyeusi ikipigwa na mionzi, hupima kinachoipiga ngozi. Uboho wa mifupa, utumbo na viungo vingine vinavyoumizwa na mionzi vimo ndani. Ungependa filamu iwe humo. Basi walifunga vipande vya filamu visipenye maji, wakavifunga uzi, wakavimeza, na baada ya safari wakavivuta. Maofisa wenye vyeo na shahada walikaa kwenye jeti, wanaingia katika moshi wa bomu, uzi umewatoka mdomoni. Kisayansi hawakukosea. Kwa gama zenye nguvu namna ile, zinazomjia mtu kutoka pande zote, mwili haujikingi sana, na dozi ya ndani haiwezi kukaa mbali na ile ya ngozini. Lakini hadi umepima, unabahatisha.

Kwa nini kuhangaika hivyo, kama sampuli zilikuwa zinapatikana kwa kusubiri? Kwa sababu swali la Pinson halikuhusu sampuli. Marekani ilikuwa ikipanga vita ambamo ndege za mabomu zingefuatana kuelekea lengo moja, na ya pili ingekuta wingu la ya kwanza njiani. Kulikuwa na mipango pia ya kuzilipua ndege za adui angani kwa silaha za nyuklia. Kamanda alitaka kujua: rubani akikatisha wingu, ataweza kuendelea na kazi? Jibu la Redwing lilikuwa ndiyo, ilimradi zipite dakika kadhaa. Kwa swali hilo, rentgeni 15 ni dozi ndogo. Ugonjwa wa ghafla wa mionzi huanza kuonekana kwenye rentgeni 100 hivi, na takriban 400 huweza kuua nusu ya watu wasiotibiwa.

Waingereza walikuwa wamejaribu mapema zaidi, na kwa ujasiri wa kupindukia. Tarehe 15 Oktoba 1953, huko Emu Field katika jangwa la Australia Kusini, bomu la Totem 1 lenye kilotani 10 lililipuka, na dakika 6 baadaye ndege ya Canberra iliingia katika wingu lake. Ilikuwa Operesheni Hot Box. Aliyeiendesha alikuwa Geoffrey Dhenin, daktari wa Jeshi la Anga la Uingereza aliyekuwa pia rubani; pamoja naye walikuwa Denis Wilson na mwongoza njia E. W. Anderson. Rudi kwenye ile hesabu ya dakika ya 6 na ya 60 uone walichokuwa wanakiendea. Kilichowaokoa ni udogo wa wingu na ufupi wa muda. Dhenin aliishi miaka mingi baada ya hapo na akawa mkuu wa huduma za tiba za jeshi hilo.

Jaribio hilohilo la Totem lina upande mwingine, na kwangu ndio unaouma. Dhenin na wenzake walipita katika wingu wakiwa na vipimo na mpango. Siku hiyohiyo ndege za Lincoln za Jeshi la Anga la Australia, zenye injini za pistoni, zilitumwa kulifuata na kulipitia wingu likielea juu ya bara, na watu wake hawakupewa hata beji ya filamu. Hakuna aliyewaambia kwamba ndege zao zitachafuka. Wamarekani waliokuwa wakishiriki kwa B-29 zao walikuwa na vipimo na utaratibu wa kusafisha. Walipoziona zile Lincoln wakashangaa kwamba watu wanazipanda na kuzifanyia matengenezo kama ndege yoyote. Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Jaji James McClelland, mwaka 1984 na 1985, ililichimbua suala hilo na kuona kwamba watu hao walipaswa kupewa vipimo.

Wamarekani wenyewe, kwenye vituo vyao, walikuwa na taratibu zilizokuwa karibu ibada. Ndege ya sampuli ikitua, watu wenye fito ndefu walikuja kwanza kuchomoa karatasi za kuchujia na kuzitumbukiza kwenye makasha ya risasi, tayari kusafirishwa kwenda maabara ya Los Alamos. Rubani hakuruhusiwa kushuka kwa kushika ubavu wa ndege. Foklifti ililetwa na jukwaa, akakanyaga juu yake, akabebwa hadi mbali. Kisha nguo zote nje, maji na sabuni, kipimo, na kama bado kinalia, maji na sabuni tena. Ndege ilioshwa kwa maji na dawa ya kutoa grisi, na maji hayo yalikwenda ardhini.

Wapo walioona huo ni woga uliopitiliza. Wakati wa Teapot walijaribu kuonyesha hivyo: wafanyakazi walisugua bati la ndege chafu kwa mikono yenye glavu, na mara moja kwa mkono mtupu, ili kuona unachafuka kiasi gani. Hoja yao ilikuwa kwamba vitani hutakuwa na foklifti wala muda wa kuosha. Ni hoja ya kweli kwa jeshi. Ila angalia jinsi swali lilivyokwisha kuhama: lililoanza kama ulinzi wa watu limekuwa ni kutafuta ulinzi kiasi gani unaweza kuachwa bila mtu kulala kitandani kesho yake.

Ndiyo sababu nadhani vipimo vile vilikuwa sahihi na bado havikujibu tunachouliza leo. Tugeuze zile rentgeni 15 ziwe kipimo cha sasa: ni karibu milisiverti 150. Mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga na chakula. Picha ya CT ya tumbo ni kama milisiverti 10. Mfanyakazi wa mionzi siku hizi hapaswi kuzidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka. Safari moja ya B-57B, basi, ilikuwa zaidi ya miaka saba ya kikomo hicho. Kwa makadirio yanayotumika sasa, dozi hiyo huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa chini kidogo ya mtu 1 kati ya 100. Rubani akiulizwa kabla ya kupanda, labda angekubali. Marubani wa zama hizo walikubali hatari kubwa kuliko hiyo kila wiki. Tatizo ni kwamba namba hiyo haikuwapo ya kumwonyesha. Utafiti mkubwa wa walionusurika Hiroshima na Nagasaki ulikuwa umeanza mwaka 1950 tu, na saratani nyingi za mionzi hujitokeza baada ya miongo. Kikomo cha kawaida cha washiriki wa majaribio, rentgeni 3.9 kwa wiki 13, kiliinuliwa kwa kibali maalumu kwa ajili ya wapita mawingu.

Na mionzi haikuwa peke yake humo. Baada ya Meroney kugeuza na kutoka katika shina la Mike, wenzake walifuata kuingia. Kapteni Jimmy Robinson alikutana na sehemu kali, akajaribu kugeuza ghafla, ndege ikapoteza mwelekeo na kuanza kuzunguka ikianguka. Aliidhibiti ikiwa imeshuka maelfu ya mita. Alikuwa amepoteza mafuta na mwelekeo, na mlipuko ulikuwa umevuruga redio, hivyo hakuipata vizuri ishara ya kumwongoza uwanjani. Injini ilizimika akiwa karibu kufika Enewetak. Aliangukia baharini kilomita chache kutoka njia ya kurukia, na mwili wake haukupatikana. Integroni yake haikuwa na la kusema kuhusu kifo hicho. Kwenye karatasi za hesabu za dozi, safari yake ni mojawapo tu ya safari za siku ile.

Mwaka 1978 Marekani ilianzisha mpango wa kupitia upya kumbukumbu za wanajeshi walioshiriki majaribio, baada ya leukemia kuonekana kwa wingi usiotarajiwa miongoni mwa washiriki wa jaribio la Smoky la mwaka 1957. Hapo ndipo vipande vya filamu vya miaka ya 1950 vilipopata kazi ambayo havikukusudiwa: kuamua madai ya fidia. Pale palipokosekana beji, wataalamu wanarudia hesabu ileile ya kasi ya dozi mara muda, wakikusanya saa ya kuingia, njia ya ndege na saa ya kutua. Pale beji zilipo, nazo zina mambo yake. Nyingi za Redwing ziliingiwa na unyevu na joto la Pasifiki, na filamu iliyoharibika hivyo huwa nyeusi hata bila mionzi, kwa hiyo husomeka juu kuliko ukweli. Kwa mtu wa B-57B aliyepata rentgeni 15, weusi huo wa ziada haubadilishi sana hesabu. Kwa kijana aliyekuwa akiosha ndege hiyo kwa bomba na brashi, ambaye dozi yake ilikuwa ndogo, karibu weusi wote wa filamu yake unaweza kuwa ni unyevu, na hakuna anayeweza sasa kuutenganisha na kile kilichotoka kwenye bati.